Bipu Haipokelewi

Nyie mnaocheka, chekeni. Mimi nimesomesha watoto kwa kukodisha simu kwa watu wenye laini. Ndiyo, mmesikia sawasawa, mtu ana laini, simu hana. Siku hizi mtoto wa chekechea anachezea simu ya baba yake mpaka inapata moto, basi mnadhani dunia ilianza hivyo. Hata! Hapa Dodoma mtu alikuwa anaanza kununua laini, anaifunga kwenye pindo la kanga au anaificha ndani ya kofia, na simu yenyewe anaisubiri kama anavyosubiri mvua.

Kibanda changu kilikuwa upande wa stendi, pale yaliposhushia mabasi ya Kondoa. Mbao, bati, meza, viti viwili, na simu moja nyeusi yenye kiantena, nimeifunga mnyororo mezani kwa sababu binadamu nawajua. Mtu anakuja, anafungua pindo, namchomekea laini yake, anapiga au anangoja kupigiwa, analipa, namchomolea, anakwenda zake. Kutwa kuchomeka na kuchomoa. Mume wa marehemu shangazi yenu alikuwa akinitania, ananiita daktari wa meno.

Na msidhani ni kazi ya kipumbavu. Ilikuwa na ufundi wake. Laini haifutwi kwa mate. Watu walikuwa wanailamba, jamani! Analamba halafu ananipa mimi niichomeke. Nilikuwa na kipande cha kanga kuukuu, kikavu, unafuta pale penye rangi ya dhahabu kuelekea upande mmoja tu, basi. Vumbi letu hili la mwezi wa nane lilikuwa linaua laini kuliko kitu chochote. Vocha nayo unaikwangua kwa ukingo wa sarafu, polepole, kama unamkuna mtoto mgongo. Mfugaji mmoja wa Kongwa alikwangua ya kwake kwa kisu cha kuchunia mbuzi, akang'oa rangi na namba zote, halafu akanigeukia mimi kwa ukali, eti nimemuuzia karatasi tupu. Na kupiga nje ya nchi, unaanza na sifuri tatu, unafuata namba ya nchi, kisha ile sifuri ya mwanzo ya namba ya mwenyewe unaiacha. Ukisahau kuiacha, utaongea na mashine mpaka jua lizame.

Hayo mengine nilijifunza mwenyewe. Ila masikio yangu alinitengenezea Bi Salome. Kabla ya kibanda nilikuwa mwajiriwa wa serikali, nakaa mitamboni, naunganisha simu za mbali, na Bi Salome ndiye alikuwa mkuu wangu. Mama mnene, mkali, Mkristo wa kufunga kabisa, asiyependa upuuzi. Alikuwa akituzuia kusema "haloo" kabla hatujasikiliza. "Sikiliza mlio kwanza," anasema. "Mlio unakuambia mtu yuko katika hali gani." Tulimwona mchawi. Lakini ukikaa na vile vidude masikioni miaka na miaka, unaanza kujua. Anayepiga kwa mazoea anakata upesi. Mwenye msiba haachi, anapiga mpaka laini ikatike yenyewe, kisha anapiga tena.

Yakaja mageuzi. Kila kitu ruksa, kila kitu kuuzwa, na sisi tukaambiwa tumepunguzwa. Nilichukia neno lile. Bi Salome alirudi kwao Buigiri na mafao yake, hakumaliza hata mwaka akafa. Watu walisema presha. Mimi nasema mtu ukimnyamazisha ghafla baada ya kuunganisha sauti za watu maisha yake yote, anakufa tu. Mimi sikufa, nilikuwa na watoto. Nikaenda stendi.

Mwanzoni kulikuwa na raha, nisiseme uongo. Kuna afisa mmoja, simtaji, alikuwa anakwenda semina Ulaya. Akanunua kwangu vocha mkoba mzima, eti akifika kule awe anaongea na mkewe kila jioni. Kibanda kizima tuliafiki. Simu haina waya, itazuiwa na nini? Hakuna aliyejua kwamba laini ya kulipia kabla, miaka ile, ukivuka nayo mpaka ilikuwa haina faida kuliko kifungo cha shati. Aliporudi alitusimulia mwenyewe, machozi yanamtoka kwa kucheka. Alitafuta mtandao uwanja wa ndege, akakosa. Akatafuta chumbani, akakosa. Basi akafanya kama tufanyavyo sisi huku, mtandao ukikosekana unapanda mlima. Akapanda ngazi mpaka juu ya paa la hoteli, kwenye baridi ile, na simu ameinua juu, mpaka walinzi wakamfuata wakidhani anataka kujirusha.

"Mama Yohana," akaniambia, "kila nchi ina laini yake. Ukifika, nunua ya kwao."

Hilo likawa somo langu. Kila aliyekuwa anasafiri nikawa namwambia, ukifika nunua ya kwao, halafu utubipu tuione namba. Na waliokuwa wanasafiri sana kupitia stendi ile ni mabinti. Wanatoka Kondoa na vijiji vyake, wameshonewa madera mapya, wanaunganisha basi la Dar, kisha ndege, Uarabuni, kazi za ndani.

Niwaeleze bipu, maana nyie mnatumiana vikatuni. Bipu ni kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa. Haina gharama, kwa hiyo masikini tuliifanya lugha. Bipu moja, nimefika. Bipu mbili, nipigie. Wapenzi walikuwa na zao, wafanyabiashara wa vitunguu na zao. Na lugha ile ilikuwa na amri moja kubwa: bipu haipokelewi. Ukiipokea umemla mwenzio vocha, na hiyo ilikuwa aibu kuliko kula chakula cha mgonjwa. Nimeona marafiki wa kunyonya ziwa moja wakishikana mashati pale stendi kwa sababu mmoja alipokea bipu ya mwenzake makusudi. Tulicheka sana. Mungu atusamehe kwa tulivyocheka.

Sasa Mama Mwanaidi. Alikuwa Mrangi wa huko Kondoa, mjane, amehamia mjini anauza maharage na ufuta hatua chache kutoka kibandani kwangu. Mwembamba, mcheshi, anapenda kunishikashika mkono akiongea. Mwanawe alikuwa mmoja tu, Mwanaidi, naye alikuwa amekwenda Uarabuni kama wenzake. Mama hakutaka. Palikuwa na mchumba tayari, mtu wa heshima, na binti akamkataa, akasema anakwenda kutafuta, atarudi amjengee mama yake nyumba ya bati. Waligombana vibaya. Mama Mwanaidi alinisimulia mwenyewe, tukimenya njugu.

"Nilimwambia, nenda, lakini yakikukuta huko usije ukanililia mimi."

"Ulimaanisha?"

"Ala! Mama yupi anamaanisha neno kama hilo? Hasira tu, Mama Yohana. Basi lilipoondoka nililia mpaka nikakaa chini."

Binti alipofika akanunua laini ya kule kwa siri, maana bosi wake hakuruhusu simu. Wakapanga na mama yake kwa barua fupi aliyoileta msafiri: kila Ijumaa, wakati wenye nyumba wamekwenda msikitini, atabipu. Bipu moja, mzima. Bipu mbili, nakukumbuka. Na mama ajibu kwa bipu moja, kwamba naye mzima. Basi. Bipu ya shida hawakuipanga. Nani anakaa na mwanawe kupanga bipu ya shida?

Kila Ijumaa Mama Mwanaidi anakuja kaoga, kajitanda kanga safi, anafungua pindo ananipa laini. Nafuta, nachomeka. Anaishika simu kwa mikono miwili kama anashika uji wa moto. Ikiita mara moja na kukata, anacheka peke yake. Anarudisha bipu yake, ananilipa kipimo cha maharage, maana nilikuwa nimekataa hela yake, kisha anarudi kwenye biashara. Alikuwa anaweka vocha kwenye laini ile kwa ajili ya kitu kimoja tu, isife, awe na uwezo wa kurudisha hiyo bipu. Sijawahi kumwona mtu anayefurahi kwa kitu kidogo vile. Hawakuwahi kusikiana sauti tangu binti aondoke.

Ijumaa ninayoisema ilikuwa ya kawaida, jua kali, foleni ndefu kibandani. Simu ikaita mkononi mwake. Akatabasamu, akangoja ikate. Haikukata. Ikaita, ikaita, mpaka ikakatika yenyewe. Nikainua kichwa. Ikaanza tena.

"Mama Mwanaidi," nikamwambia, "hiyo si bipu. Hiyo ni simu. Pokea."

"Bipu mbili hiyo. Ananikumbuka."

"Bipu haiiti hivyo, dada yangu. Mtoto anataka kuongea. Pokea!"

"Nikipokea namla vocha. Atabaki na nini kule ugenini?"

Ikaita mara nyingine. Kondakta mmoja wa basi, aliyekuwa anangoja zamu yake, akadakia, "Mama, usipokee! Bipu haipokelewi. Mtoto anatafuta kwa jasho, wewe unataka kumla?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwingine akasema, "Wazee hawa ukiwaachia wanakufilisi." Na Mama Mwanaidi naye akacheka, akawatazama kwa fahari, kwamba yeye si mshamba, yeye anajua taratibu.

Nikanyoosha mkono kuichukua. Akaikumbatia kifuani, mnyororo ukavutika mpaka meza ikasogea. "Wallahi simli mwanangu," akasema. Nikabaki na mkono hewani. Ilikuwa inaita pale kifuani kwake, nasikia mlio wake umefifia ndani ya kanga, na mlio ule nilikuwa naujua. Nikapaza sauti, nikawatukana waliokuwa wanacheka, nikamwambia pokea, pokea, pokea. Kadiri nilivyofoka ndivyo alivyozidi kuikumbatia.

Mwisho ikanyamaza. Mama Mwanaidi akaitazama, macho yanang'aa.

"Umeona, Mama Yohana? Leo amenikumbuka sana. Hajawahi kunikumbuka namna hii."

Akabonyeza, akarudisha bipu yake moja. Akanipa maharage, akachomoa laini, akaifunga kwenye pindo. Aliondoka akiimba kwa sauti ya chini. Ile furaha yake ndiyo inayoniua mpaka leo, si kitu kingine.

Ijumaa iliyofuata simu haikuita. Alikaa mpaka watu wakatoka msikitini, mpaka nikafunga. Iliyofuata vilevile. Nikamwekea vocha kubwa, tukapiga, sifuri tatu na zilizobaki. Akajibu mwanamke wa mashine kwa Kiarabu. Mama Mwanaidi akanishika mkono kwa nguvu, "Anasema nini? Anasema Mwanaidi yuko wapi?" Tukamwita ustadhi wa madrasa ya jirani asikilize. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema hakuna habari humo, anasema tu simu imezimwa. Tulipiga kila Ijumaa. Yule mwanamke hakuchoka, alitujibu maneno yaleyale kwa adabu ileile. Tulikwenda kwa wakala aliyempeleka, tukakuta duka la vyombo. Tulikwenda ofisi ya serikali, tukaambiwa tulete jina la mwajiri. Jina hatukuwa nalo.

Ulipita muda mrefu kabla Rukia hajarudi. Rukia alikuwa binti wa kwao, alisafiri siku moja na Mwanaidi, na alikuwa anafanya kazi nyumba ya jirani. Alishuka basi la Dar kwenye jua la mchana, amekonda, ana begi dogo tu. Akasema, "Shikamoo, mama." Mama Mwanaidi hakuitika. Alimvuta mkono mpaka kibandani kwangu, akamkalisha kwenye kiti, akasimama mbele yake. "Sema," akamwambia.

Rukia akasema, huku anatazama chini. Wenye nyumba ya Mwanaidi walikuwa wanahamia nchi nyingine, mbali zaidi, na walikuwa wanamchukua apende asipende, pasi yake wanayo wao. Walikuwa wanamtesa, hilo hakulieleza sana na sisi hatukuuliza. Siku ile ya Ijumaa alikuwa amepatikana dereva, Mtanzania, aliyekubali kumpeleka ubalozini palepale, akiwa tayari kutoka na nguo alizovaa. Gari lilikuwa linangoja nyuma ya ukuta.

"Nikamwambia, Mwanaidi, nenda, wewe unangoja nini? Akasema, nitarudi vipi bila kitu chochote, na mama aliniambia nisimlilie? Kwanza nimuulize. Akiniambia rudi, narudi hata mikono mitupu. Hela yake yote aliyokuwa nayo alikuwa ameinunulia vocha. Akapiga. Akapiga tena. Akapiga mpaka dereva akaanza kupiga honi."

Pale stendi makelele hayakuwa yamepungua, wapiga debe wanaita abiria, lakini mimi nilikuwa sisikii kitu. Nilimtazama Mama Mwanaidi. Hakuwa analia. Akauliza swali moja.

"Na mimi niliporudisha bipu, je, aliiona?"

Rukia akazidi kuinama. Mama Mwanaidi akamshika kidevu, akamwinua uso.

"Aliiona?"

"Aliiona, mama."

"Akasema nini?"

"Alisema, mama mzima. Simu anayo mkononi." Rukia akaanza kulia. "Kisha akamwambia dereva aende. Akaingia ndani."

Nimesikia vilio vingi katika maisha yangu ya kazi. Nimeunganisha simu za vifo vya wazazi, vya watoto, ajali za mabasi. Lakini kile alichokitoa Mama Mwanaidi siku ile hakikuwa na sauti. Alifungua kinywa tu, akabaki hivyo, na mimi nikamshika asianguke juu ya meza.

Basi mnaponiuliza, bibi, kazi ilikupa funzo gani, mnataka niseme nini? Sina funzo. Nilikuwa najua mlio ule na haukunisaidia kitu. Ujinga ule haukuwa wa Mama Mwanaidi, ulikuwa wetu sote, masikini tuliojitungia sheria ya kuhurumiana vocha, na huruma ile ndiyo iliyomfungia binti mlango. Wengine wananiambia, muachie Mungu. Nimemwachia. Mbona hajibu?

Kibanda nilikifunga simu zilipokuwa nyingi, kila mtu na yake. Ile nyeusi niliikata mnyororo nikampa Mama Mwanaidi, na ilipokufa wanangu wakamnunulia nyingine. Laini ni ileile. Walipotaka watu wasajili laini kwa vidole, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akanikalisha pale tangu asubuhi asije akapoteza namba. Ndugu zake walimwita Kondoa akakataa, alisema kule mtandao unakatika. Sasa ni mzee, macho yamefifia, masikio nayo yanamchezea, ndiyo maana nimemchukua tunaishi wote hapa Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Rukia aliolewa Babati. Habari ya Mwanaidi hatujaipata, ya uhai wala ya kifo.

Na siku hizi Mama Mwanaidi anapokea. Hapitwi na mlio hata mmoja. Aliyekosea namba anapokelewa, tapeli anapokelewa, anayedai deni la mtu mwingine anapokelewa, wote wanaitwa kwa jina moja. Juzi tulikuwa uani tunachambua mlenda, simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya binti wa kurekodiwa, wale wa kampuni, wanaotangaza nyimbo na bahati nasibu. Sauti changa, nzuri. Mama Mwanaidi akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia ni tangazo, nikashindwa. Binti wa tangazo akaendelea kusema, mpendwa mteja hivi, mpendwa mteja vile, na yeye akamwacha amalize, kama alivyolelewa. Alipoona pamekuwa kimya, akasema taratibu, ili asikike vizuri huko mbali:

"Rudi, mwanangu. Rudi hivyohivyo, mikono mitupu."